Mstari Uliotolewa Kitabuni

Jumanne, tarehe tisa Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege alifiwa na mkewe angani. Mke alikuwa mhudumu wa ndege, kasimama na kitoroli cha chai. Ndege ilikuwa ikishuka, injini zinanguruma kwa mbali, mara kengele ya kukwepa ndege nyingine ikalia: panda. Rubani akavuta usukani, pua ikainuka, ila mtambo unaopanga nguvu za injini wenyewe ukaziacha chini vilevile. Mwendo ukaisha, ndege ikaporomoka. Rubani akaiwahi. Watu tisini wakatoka wazima. Mhudumu aliyegonga dari hakutoka.

Na rubani huyo alikuwa kaka wa marehemu, tumbo moja.

Miezi saba mpakiaji hakumpa shemeji yake hata salamu. Wakubwa wa kampuni walishamwambia msibani, tena mmoja wao akilia kuwashinda wafiwa: kijana alisahau kuzima mtambo. Yakaisha.

Siku ya kikao cha uchunguzi mpakiaji alikaa nyuma na kizibao chake cha kazi. Alikuja kumwona shemeji akinyang'anywa leseni, hakuna jingine. Shemeji akaulizwa kwa nini hakuzima. Hakubisha. Akatoa vitabu viwili vya mwongozo, akaomba visomwe. Cha zamani kilisema kengele ikilia, zima mtambo wa nguvu, tia nguvu kwa mkono. Kipya kilinyamaza. Kampuni ilinunua ndege za aina nyingine, ambazo kengele ikilia mtambo huo huachwa ukifanya kazi. Wakubwa wakaona vitabu viwili ni usumbufu, wakawapa marubani wote kimoja, hata wa ndege za zamani kama ile ya ajali.

Mpakiaji aliishia darasa la nne, lakini kuona mstari haupo hakutaki chuo. Akajikuta amesimama.

"Shemeji, ulijua?"

"Nilijua tulipokwisha kumzika dada. Nikakupigia mara ngapi? Hupokei."

Mwenyekiti akamwambia mzee akae, zamu ya wafiwa bado. Hakukaa. Alipita katikati ya viti, akaenda kusimama ubavuni kwa shemeji yake, mkono begani, akawatazama wakubwa wa kampuni na suti zao. Mmoja wao, mkuu wa marubani, alikuwa akifuta miwani isiyo na vumbi.

"Shemeji yangu huyu, jina lake na picha yake mmevitoa gazetini," mpakiaji akasema. "Huyo aliyeutoa mstari, yeye anaitwa nani?"