Klipu Iliyobaki

...na hii nayo imetoka wapi sasa, hii klipu, kaduara ka chuma kadogo kuliko kucha ya mtoto, imekaa ndani ya pindo la mkono wa ovaroli yangu kama mgeni aliyeingia harusini bila kadi, na mimi mguu wa kulia uko juu ya kiki ya pikipiki tayari, kilo tisini na nne zimeinuliwa tayari kushuka, na mwalimu wetu, Madam Wangu, amesimama mbele yangu na karatasi ya alama, anatazama saa, anasema, "Mzee Jackton, piga kiki, zimebaki dakika tano," kwa sauti ya adabu kabisa, ile ya kumvusha babu barabara, ana miaka ishirini na saba huyu, mtoto wangu Ivyne ni mkubwa kwake, lakini humu ndani ya karakana ya chuo yeye ni Madam na mimi ni mwanafunzi nambari kumi na saba mwenye ovaroli isiyofunga tumboni, "Sawa Madam, nasikilizia tu," nasikilizia nini, wewe mjinga, injini haijawaka unasikilizia nini... haya, tulia, hesabu kama mtu mzima, pini inayoshikilia pistoni ina klipu mbili, moja upande huu, moja upande ule, kazi yao yote duniani ni kuizuia pini isitoke, na Madam ametuimbia tangu Januari kwamba klipu ikishatolewa imekufa, hairudishwi, zile kuukuu tupeni kwenye kifuniko cha kopo mezani, tieni mpya, kwa hiyo mbili kuukuu zimetoka, mbili mpya zimeingia, na hii ya pindoni ama ni kuukuu iliyoruka nilipoing'oa, na hapo hakuna neno, ama ni mpya, na kama ni mpya basi pini ya pikipiki hii iko wazi upande mmoja kama choo cha stendi, oh, kwa nini, kwani mimi na vyuma vidogo tuna kisa gani... ya kwanza ilishika, nina hakika, koleo liliniumiza kidole, ya pili... ya pili nilisikia tik, nikasema imeingia, lakini wakati huo nilikuwa nawasimulia vijana ile hadithi ya ngamia wa Doha, nikafika mahali ngamia anapomla bosi kofia, Maxwell akacheka, nami nikacheka, na mimi nikicheka hufumba macho, ndiyo, huo ndio ukweli, nilitia klipu ya pistoni nikiwa nimefumba macho kwa sababu ya ngamia... "Buda, washa bana, njaa inauma," huyo ni Maxwell, yake imewaka kitambo, ameegemea meza anatafuna kijiti, mtoto wa miaka kumi na tisa mwenye macho ya mwewe, wallahi macho hupewa wasio na kitu cha kuangalia... kifuniko, jibu liko kwenye kifuniko, kile pale mezani, hatua moja, humo ndimo nilimotupa zile kuukuu, zikiwa humo mbili basi hii ni mpya nami nimekwisha, ikiwa moja basi hii ndiyo mwenzake, napiga kiki, napewa cheti, natoka hapa mtu, lakini kutoka hapa naona tu grisi, duara jeusi la grisi, na miwani iko mfuko wa kifuani, mke wangu Phoebe aliniwekea mwenyewe asubuhi akaupigapiga mfuko, "Usione haya, Baba Ivyne, mtihani si gwaride," nami sijaivaa hata siku moja mbele ya vijana hawa, kuitwa Buda, yaani mzee, kunanitosha, sitaki kuongezewa profesa... na kwani lazima niangalie, lazima ni kuukuu, kiakili tu ni kuukuu, kampuni gani itengeneze klipu ya kuangukia watu mikononi, na nikisema nifungue tena ni kushusha silinda, gasketi mpya, saa nzima na zaidi, na anayepitisha muda anarudia Agosti, miezi mitatu, na Waweru kule nyuma ya Adams Arcade ameniwekea nafasi kwenye banda lake la ufundi, alinipa neno lake mbele ya chai, "Mzee, leta cheti ndio uguse pikipiki za watu," hatasubiri Agosti, ana mpwa wake anayeinyemelea nafasi hiyo kama paka... "Dakika nne, mzee," asante Madam, naijua hesabu, nimehesabu madirisha ya jengo tupu Doha miaka sita, nikilinda nini sijui, vumbi, na kabla jengo halijafunguliwa nikawa nimerudi nyumbani, nikaendesha lori hadi Juba, fundi mmoja huko alinifungia gia boksi, nati nne zikabaki chini, nikamuuliza hizi je, akasema hizo ni za shukrani, nikacheka sana, kichekesho kizuri, nimekisimulia Kampala, nimekisimulia Lubumbashi, sehemu ninayoiruka ni kwamba gia boksi ilijifia porini kabla ya Nimule na turnboi wangu, msaidizi wa lori, Wambua, akalala siku mbili chini ya lori na homa, sehemu hiyo haichekeshi kwa hiyo haimo... na nani kasema mimi ni tofauti na yule fundi, kitanda chetu cha ndoa nilikifunga mwenyewe, bolti moja ikabaki, nikasema wenye kiwanda huongeza za akiba, ni mwaka wa ishirini na tisa kitanda hicho kinawatangazia majirani wa mtaa wa Jamhuri kila mtu akigeuka, na Phoebe hakugomba, laiti angegomba, alichukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia akaitia humo ile bolti, ngling, basi, halafu cherehani, skrubu mbili, ngling ngling, halafu pampu ya kisima kwa mama kule Ugenya, spring na kitu kingine ambacho hata leo hakuna anayekijua, mkebe umekuwa mzito sasa ndio unaozuia mlango wa jikoni usigongwe na upepo, wageni wakiuliza ni nini hicho husema, "Hizo ni kazi za mzee," na wanadhani ananisifu... "Wee mzee! Inawaka ama nimpigie Mama Ivyne atembee?" huyo sasa ni Muasya, mwenye pikipiki hii, yuko nje ya seng'enge na helmeti kwenye kiwiko, anakula yai la kuchemsha na kachumbari, yai la tatu hilo, anapiga kelele kama yuko stejini akiita abiria, na sina wa kumlaumu, nilimbembeleza mwenyewe, chuo kinataka kila mwanafunzi alete pikipiki ya mtu, ya kazi, itengenezwe na mwenyewe aipande siku hiyohiyo, ili tusifanye mchezo, nikamwambia Muasya, nipe yako ndugu yangu, itatoka hapa mpya, akakubali kwa sababu ya Phoebe, maana ndiye anayembeba Phoebe kila asubuhi kwenda Muthangari kwenye nyumba anayopika, na jioni kumrudisha... na jioni kumrudisha, leo, saa kumi... Jackton. Hebu sikia ulichosema. Leo saa kumi Phoebe atakaa nyuma ya pistoni hii, atakaa upande kama anavyokaa kanisani, mkoba mapajani, hapendi kushika mtu, watateremka ule mteremko, na pini isiyo na klipu haipigi kelele kwanza, hapana, Madam alituonyesha silinda ya pikipiki nyingine, imechanwa kama ngozi ya samaki, alisema pini inatembea polepole, leo kidogo, kesho kidogo, halafu siku moja injini inakaba na gurudumu la nyuma linasimama na waliokuwa juu hawasimami... "Mzee Jackton, uko sawa?" niko sawa, Madam, niko sawa kabisa, naomba sekunde moja tu, hii hapa miwani, tazama ilivyo ya kijinga, mkono mmoja umefungwa kwa uzi, Maxwell anasema, "Eish, Buda ni prof!" nilijua, nilijua, na mguu bado uko juu ya kiki, nimeinama tu shingo kama twiga, kifuniko kimesogea, grisi si duara tena, ina nyuzi za tambara ndani, ina punje ya mchanga, nikizungushie kidole... moja. Hii hapa, nyeusi, imechoka. Na chini yake... ah. Mbili. Imelala juu ya mwenzake kama mume na mke. Na hii ya kiganjani mwangu inang'aa, ilikuwa inang'aa muda wote, mpya kama meno ya mtoto... "Dakika tatu, piga kiki, mzee," anasema Madam, na Muasya anamenya yai la nne, na hakuna kilichowaka wala kuzimika, ila sasa Agosti si mbali, Agosti ni hapo tu, mpwa wa Waweru na akae, atanipashia kiti joto, na huyo Muasya atamfuata Phoebe kwa pikipiki ya mwenzake, nitamlipia mayai, na kwa kweli sijui kwa nini nataka kucheka ilhali macho yako wazi, wazi kabisa, mguu unashuka taratibu kutoka kwenye kiki, haujasukuma kitu, mkono ndio unaopanda, na kitu kidogo kinang'aa kati ya vidole viwili... Madam, naomba niifungue tena... pole Phoebe wangu, leo mkebe wako utalala njaa.