Bibi Ndoano na Amri Zilizochelewa

Ghala la vioo lilikuwa na kreni moja, na kreni hiyo ilikuwa na dereva mmoja: mama wa miaka hamsini na tisa ambaye wafanyakazi wote walimwita Bibi Ndoano. Kwa miaka ishirini na sita alipanda ngazi sabini na mbili kila asubuhi hadi kwenye kibanda chake chini ya paa, akahamisha mabamba ya vioo bila kuvunja hata kimoja. Kisha goti la kushoto likagoma. Daktari akamwambia ngazi basi.

Meneja akaamua kreni iendeshwe kwa simu, dereva akiwa amekaa chini kwenye kiti. Kazi ya kuandika programu akapewa mke wa mtoto mkubwa wa Bibi Ndoano, mwanamke makini kupita kiasi. Hata orodha ya sokoni aliihifadhi sehemu mbili. Msaidizi wake alikuwa shemeji yake, kitinda mimba wa Bibi Ndoano, fundi wa mitandao pale ghalani na bingwa wa maneno.

Walianza kubishana kuhusu njia ya kutuma amri mtandaoni kabla hawajaandika hata mstari mmoja.

"Tutatumia TCP," alisema mkwe. "Kila amri inafika, na inafika kwa zamu yake. Ikipotea njiani, inatumwa tena. Hapa tunabeba tani ya vioo, shemeji, hatutumiani salamu."

"Ndiyo maana nasema UDP. Unatuma, unaendelea na maisha. Iliyopotea imepotea, nyingine iko njiani."

"Huo ni uzembe uliopewa jina la kitaalamu."

"Na huo wako ni woga uliovaa tai."

Mkwe ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi, kwa hiyo TCP ikapita.

Siku ya majaribio hawakuthubutu kutumia kioo. Walining'iniza pipa lililojaa maji. Bibi Ndoano akavaa miwani, akashika simu kwa mikono miwili, akaanza. Dakika kumi za mwanzo pipa lilikwenda kama limefundishwa adabu. Meneja, aliyesimama pembeni na daftari lake, akatabasamu.

Kisha kreni ikaingia nyuma ya rafu ndefu za chuma, mahali ambapo mtandao hukatika-katika. Bibi Ndoano akabonyeza kushoto. Kimya. Akabonyeza kulia. Kimya. Akajaribu kushoto tena, halafu akaondoa kidole.

"Limelala," alisema.

Halikuwa limelala. Ujumbe mmoja ulikuwa umepotea, na amri zote zilizoufuata zilikuwa zimepanga foleni zikiusubiri. Ulipotumwa tena ukafika, foleni nzima ikaachiwa. Kreni, kwa utiifu wa kusikitisha, ikatekeleza moja baada ya nyingine: kushoto, kulia, kushoto tena. Pipa likayumba, likainama, likammwagia meneja maji kuanzia kwenye kola hadi kwenye soksi.

Meneja akakung'uta daftari.

"Mwanangu," Bibi Ndoano akamwambia mkwe wake, "mimi nimeshanyamaza, hili dude bado linatekeleza maneno ya zamani!"

Kitinda mimba akafungua mdomo.

"Wewe funga," mama yake akamkata.

Mkwe alikwenda kujificha kwenye chumba cha chai, uso ukimwaka kwa aibu. Kumwagia meneja maji ni jambo moja. Kuharibu mbele ya mama mkwe ni jingine kabisa. Haukupita muda akasikia goti bovu likija linakokotwa mlangoni.

"Usisimame, mwanangu. Mimi ndiye ninayetafuta kiti." Bibi Ndoano akakaa, akanyoosha mguu. "Unajua kule juu nilikuwa nafanyaje, sehemu nisizoziona vizuri?"

"Kulikuwa na mpiga ishara, mama."

"Ehe. Akiinua mkono, napandisha. Sasa lori likipita katikati yetu, unadhani baadaye ananirudishia ishara zote nilizozikosa? Za nini? Natazama mkono wake uko wapi sasa hivi. Na nisipomwona kabisa, nasimama. Sikisii."

Mkwe akanyanyua kichwa. "Na kufungua ndoano?"

"Hapo hapana mchezo. Anaashiria, namjibu kwa honi, naye ananithibitishia. Nisipopata jibu lake, siachii mzigo hata tukeshe."

"Mama, rudia hapo polepole." Mkwe alikuwa tayari anaandika kwenye kiganja.

Alimkuta shemeji yake akipiga deki.

"Usicheke," alimwambia. "Mwendo tunautuma kwa UDP."

"Sicheki," alijibu, huku akicheka.

"Na amri ya kufungua ndoano wewe ungeituma kwa nini?"

"UDP."

"Ikipotea? Na amri ya 'simama' ikipotea?"

Akaegemeza fagio la deki ukutani, akavuta kiti.

Wakakaa pamoja siku nne. Sasa simu ilisema mara hamsini kwa sekunde kidole kiko wapi, kila ujumbe ukiwa na namba yake. Uliochelewa ukatupwa bila huruma. Kreni isiposikia kitu kwa moja ya tano ya sekunde, inafunga breki yenyewe. Kufungua ndoano peke yake kukabaki kwenye TCP, kwa uthibitisho wa pande zote mbili.

Jaribio la pili, meneja alikuja na koti la mvua. Nyuma ya rafu kreni ilisitasita kidogo, ikaendelea. Kitinda mimba akazima mtandao makusudi. Pipa likasimama hapo hapo, likabembea kidogo, likatulia. Mtandao uliporudi, kreni haikuweka kinyongo chochote cha amri zilizopita. Mzigo ulipofika chini, taa ya kijani ikawaka kwenye simu, ndipo ndoano ikafunguka.

"Leteni kioo," alisema Bibi Ndoano.

Bamba la kwanza alilishusha kwenye fremu yake polepole, hata halikugonga. Wafanyakazi wakapiga makofi. Mkwe alikuwa ameshika mkono wa shemeji yake kwa nguvu hadi shemeji akalalamika.

"Sasa niachieni kidogo," akasema mama, akainua ndoano tupu mpaka chini ya paa. Akaanza kuichezesha, duara hapa, namba nane pale, akicheka peke yake kwenye kiti chake, na hakuna aliyemwambia arudi kazini.