Mikono Sitini ya Kushoto

Shangazi alirudi kutoka semina ya wenye biashara ndogo akiwa na begi la karatasi, kalamu ya bure na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuamka. Mtoa mada, kijana mmoja mwenye tai, aliwaambia kwamba watu wote waliofanikiwa huanza kazi kabla jua halijachungulia. Shangazi, ambaye tangu azaliwe ndiye humwamsha jogoo, akajiona amegongewa muhuri.

"Kuanzia Jumatatu," akaitangazia karakana yote, "kukata ni saa kumi na mbili asubuhi. Kichwa kikiwa bado kibichi! Washonaji wakiingia saa mbili, wakute vipande vinawasubiri."

Washonaji walishangilia. Hawakuwa wao wa kuamka.

Mkataji alikuwa mmoja tu, binti wa kaka yake Shangazi, ambaye kila mtu alimwita Popo. Jina alipewa na Babu Pasi, mzee wa kunyoosha nguo, na halikuwa la uonevu. Asubuhi Popo alikuwa mwili tu: macho yapo, mwenyewe hayupo. Angeweza kutia chumvi kwenye chai yake, akainywa, akashukuru. Lakini ikipita saa nane mchana, wenzake wakianza kupiga miayo juu ya cherehani, yeye kichwa kilifunguka kama duka. Aliona uzi mmoja uliokwenda upande akiwa mlangoni. Kwa miaka saba alikuwa akikata jioni kazi ya kesho yake, na katika miaka hiyo hakuharibu hata kola.

Sasa akaambiwa ajirekebishe. Akajirekebisha. Alipanda kitandani saa mbili usiku, akaitazama dari mpaka saa sita kama mlinzi aliyepewa dari ailinde. Saa kumi na moja na nusu simu ikalia. Alikuwa Shangazi, sauti kama tarumbeta.

"Umeamka, mwanangu?"

"Nimeamka, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unaongea kama umezikwa?"

Jumanne aliharibu kola kumi. Shangazi alizipanga mezani moja moja, kama maiti za kutambuliwa.

"Sikiliza," akasema. "Wewe ni damu yangu, lakini kitambaa hakina undugu. Ukiharibu tena, meza ya kukatia nampa mwingine. Wewe utakwenda kushona vifungo."

Vifungo! Meza ile Popo alianza kuifagia chini akiwa na miaka kumi na sita, akapandishwa kushika chaki, kisha mkasi, kisha mashine yenyewe ya kukatia. Hakuwa na kitu kingine duniani alichokifanya vizuri kuliko mtu mwingine.

Alhamisi ikawa zamu ya mashati ya wahudumu wa hoteli moja mpya, thelathini, ya kuvaliwa Jumamosi kwenye ufunguzi. Kitambaa kilikuwa cha aina yake, kina uso na mgongo: uso unang'aa, mgongo umefifia. Kila mkataji anajua kwamba kitambaa cha namna hiyo, ukitaka kukata mikono, unakilaza uso kwa uso, tabaka moja limelala chali, la pili kifudifudi. Kiolezo ni kimoja, lakini ukikata, nusu ya mikono inatoka ya kulia na nusu ya kushoto. Hata mtoto anajua. Popo alilijua hilo usingizini. Tatizo ni kwamba usingizini ndiko alikokuwa. Akalaza matabaka sitini, yote chali, akabana, akakata vizuri kabisa.

Saa tatu mshonaji wa kwanza akauchukua mkono, akaugeuza, akaurudisha, akachukua mwingine.

"Hebu njooni," akasema. "Mimi ndiye ninayeumwa, au?"

Babu Pasi akaja na miwani yake, akapekua rundo, akacheka mpaka akashika kiuno. "Hii hoteli imeajiri binadamu gani? Kushoto, kushoto, kushoto! Watabeba vipi sinia?"

Shangazi hakucheka. Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Shangazi," Popo akaanza, "saa ile mimi sipo. Kweli nakwambia. Kichwa changu kinaingia kazini saa nane."

"Kichwa kina zamu? Nani alikiajiri?"

"Ndivyo nilivyoumbwa. Wewe asubuhi uko macho, jioni unasinzia hata ukiwa umesimama. Mimi kinyume chake."

"Mimi nasinzia? Mimi?" Shangazi akageukia karakana kutafuta shahidi. Washonaji wote wakawa na kazi nyingi ghafla. "Usingizi ni tabia, binti! Toka mezani. Vifungo vile pale."

Popo akaenda kwenye vifungo.

Hasara haikuwa kamili, kwani mikono thelathini ya kushoto ilihitajika hata hivyo. Ilibaki kukata thelathini ya kulia, na kitambaa kilichosalia kilitosha hiyo tu; wala dukani hakikuwepo kingine. Shangazi akaapa ataikata mwenyewe. "Nilikuwa nakata kabla baba yako hajajua kufunga zipu," akamwambia Popo. Lakini mteja akaja, kisha fundi wa umeme akaja, kisha cherehani ikakatika mkanda, na alipoishika chaki ilikuwa saa kumi na moja jioni. Yeye alikuwa macho tangu saa kumi alfajiri.

Kwenye vifungo, Popo alikuwa ameamka sawasawa na amekasirika sawasawa. Alimwona Shangazi akilaza tabaka la kwanza, la pili, la tano, kope zikishuka kama mapazia. Akaona kitu kingine. Kitambaa kilikuwa kinang'aa. Mikono ya kulia tupu ilitaka kitambaa kilale kifudifudi chote, na Shangazi alikuwa anakilaza chali.

Mwache, moyo ukamwambia. Mwache akate. Keshokutwa hoteli ifunguliwe watu wana mkono mmoja mmoja, halafu tuone tabia ni ya nani.

Mashine ikanguruma.

"Shangazi, ngoja!"

"Shona vifungo."

"Zima kwanza! Unakata ya kushoto tena!"

"Usinifundishe kazi niliyoku—"

Popo alikuwa ameshafika ukutani na kuchomoa waya. Akarudi mezani, akainua pembe ya kitambaa: uso juu. La pili: uso juu. Shangazi akafuatisha kwa kidole, tabaka kwa tabaka, mpaka la thelathini, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Nani amekigeuza?" akauliza.

"Hakuna aliyekigeuza."

"Hmm." Akavua miwani, akaisugua, akaivaa, akatazama tena. Kitambaa kikaendelea kung'aa. Akaiweka chaki mezani, hakumpa mtu mkononi. "Kata wewe. Mimi mgongo unaniuma."

Popo alikilaza upya, akakagua, akakata. Kabla ya magharibi mikono thelathini ya kulia ilikuwa imefungwa mafungu, kila mmoja na wa kwake wa kushoto.

Kesho yake saa mbili asubuhi Shangazi alisimama katikati ya karakana, mchangamfu kama kengele.

"Nimefanya utafiti," akasema. "Kitambaa asubuhi kinakuwa na ubaridi, kinateleza. Kuanzia leo tutakata jioni. Popo, rudi mezani. Mimi nitakuwa nakagua asubuhi."

Popo akafungua mdomo.

"Nyamaza," Babu Pasi akamnong'oneza. "Meza umepata. Unataka na sababu?"

Alitaka sababu. Alitaka mno! Alitaka kumwambia Shangazi, mbele ya watu, neno moja tu la kumkaa kooni mwaka mzima. Lakini ilikuwa saa mbili asubuhi, na kila neno zuri alilolitafuta bado lilikuwa limelala.

"Ndiyo, Shangazi," akasema.