Jina la Baba Mkwe

Rahab alikuwa mwongo hodari, na sisemi hivyo kumtukana. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yake ilikuwa imekwenda miaka ishirini na ushee bila kufika mwisho. Kitengela yote ilimjua kama Mama Caro, mke wa Gakuru wa duka la vifaa vya ujenzi, mwanakwaya, binti wa dereva wa polisi aliyefia Isiolo. Akiulizwa mbona ana pua nyembamba namna ile, alicheka na kusema nyanyake alikuwa Msomali. Hata Gakuru, aliyemkuta Isiolo akihudumu hotelini na kumwoa, alijua hayo tu.

Ukweli ni kwamba alizaliwa na Wagabra, wafuga ngamia wa jangwa la Chalbi, watu ambao nyumba yao hukunjwa na kupakiwa mgongoni mwa ngamia kila malisho yanapokwisha. Huko aliolewa, na huko alizaa mtoto wa kiume. Kisha ukaja ukame wa mwaka wa themanini na nne. Mumewe alikuwa mbali na ngamia wachache waliobaki. Mtoto akaanza kuharisha. Rahab akamwacha na mama mkwe, akapanda lori la chakula cha msaada kwenda Marsabit kutafuta dawa. Marsabit alikula akashiba, akalala kitandani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Lori lilipokuwa likirudi, dereva alimpigia honi, naye akajibanza nyuma ya choo cha misheni mpaka likaenda zake. Hakuibwa wala hakupotea. Alijificha, na dawa ilikuwa mkononi mwake.

Basi mwaka wa elfu mbili na sita ukame ulishuka mpaka Kajiado. Ng'ombe walikufa kando ya barabara ya Namanga hadi watu wakachoka kuziba pua. Gakuru, ambaye hata msibani huona biashara, aligundua kwamba mnyama asiyelalamikia kiu ni ngamia. Akaenda Isiolo, akarudi na lori la ngamia hadi kwenye shamba lao ng'ambo ya Isinya, pamoja na kijana wa kuwachunga.

"Mama Caro, huyu anaitwa Elema," alisema. "Ni Mgabra, ametoka huko Marsabit. Elema wa nani vile?"

"Elema Sora," kijana akajibu.

Rahab aliyajua majina yote mawili. Sora alikuwa mumewe. Elema alikuwa baba mkwe wake, na kwa desturi ya kwao mke halitamki jina la baba mkwe, awe hai au awe kaburini. Mtoto wake wa kwanza alirithi jina hilo la babu, kwa hiyo yeye mama mtu hakuwahi kumwita kwalo hata siku moja. Alikuwa akimwita Gurba, yaani mvulana, basi. Sasa huyo Gurba alikuwa mbele yake, ana ndevu, ana miguu iliyopinda kidogo kama ya babake, na anamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mama."

Hapa ndipo mwongo wetu alipokwama. Ulimi uliojifunza kuimba Kigikuyu kanisani, uliodanganya wachungaji na wakwe, ulikataa neno moja dogo. Gakuru aliita Elema huku, Elema kule. Caro, bintiye wa miaka kumi na saba, aliita Elema akicheka. Rahab alisema "wewe", alisema "kijana", alisema "mwambieni yule alete maziwa". Aliona haya kumtazama machoni, na aliona haya zaidi kwa kuwa kila Jumapili walipofika shambani, kijana alimkabidhi yeye kikombe cha kwanza.

Jumapili moja mchana walikuwa wameketi chini ya kivuli cha mabati wakinywa chai, pamoja na Mugure, dadake Gakuru, aliyekuja kutoka Embulbul kuwaona hao ngamia na kuwacheka. Caro ndiye aliyechokoza.

"Mum, mbona wewe humuitangi Elema jina? Ni kama unamwogopa."

"Nani, mimi? Acha upuzi."

Kijana, aliyekuwa akiwaongezea maziwa, aliweka kibuyu chini. Akasema Kiswahili chake polepole, akimtazama Rahab peke yake.

"Mama, usikasirike. Mimi nauliza tu. Kwetu mwanamke aliyeolewa kwa nyumba ya babu yangu hawezi kusema hili jina. Nyanya aliniambia mama yangu hakuwahi kuniita jina. Alienda kuniletea dawa, hakurudi. Nyanya alisema amekufa njiani. Mimi nilikataa. Kila mji nimefika, nimemuulizia."

"Uuui," Mugure alisema, na kikombe chake kikakaa hewani.

"Tangu nikuje hapa, watu wote wananiita. Wewe tu hauniiti. Sasa niite, Mama. Mara moja tu. Ukiniita nitajua nimekosea, sitauliza tena."

Gakuru alicheka kicheko kifupi. "Huyu jua limemchoma. Muite tu, Mama Caro, tuendelee na chai."

"Si umuite?" Mugure akasema, lakini yeye hakuwa akicheka. Macho yake yalikuwa yakipima ile pua nyembamba kana kwamba anaiona leo.

Rahab alijua alichoombwa. Akinyamaza, ndoa yake ingekuwa ya uongo mbele ya wifi yule asiyeweka siri, na Caro angejua kwamba mamake ni mtu wa kuacha mtoto mgonjwa akaenda zake. Akilitamka, angemzika mtoto huyohuyo mara ya pili, tena safari hii akimtazama. Alitamani kijana awe mkali, amtukane, ampe sababu. Kijana alisubiri tu, mikono magotini, na usoni alikuwa na tumaini ambalo Rahab hakuwa na haki ya kuliona. Aibu ilimpanda. Aliiona waziwazi, akajua kwamba mtu mwenye aibu kama hiyo angeweza bado kufanya jambo jema. Akapiga moyo konde, akafanya lile lingine.

"Elema," alisema.

Halikumwunguza mdomo. Lilitoka vizuri, hata halikutetemeka, na Mugure akashusha kikombe. Gakuru alikuwa ameshanyosha mkono kuchukua mkate.

Kijana aliokota kibuyu chake. Kisha akainuka, akamwinamia Rahab jinsi vijana wa kwao wanavyowainamia wanawake wa watu wengine.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Nimekukosea heshima."

"Hakuna shida," Rahab alimjibu mwanawe.