Mektrida Akua

Jumamosi asubuhi, uani kwa mwajiri wake, Mama Godbless, mjini Moshi, Mektrida alikuwa akifua sare mpya za bweni za Godbless. Godbless mwenyewe alikuja akasimama kando yake, wakaona amempita kwa kichwa kizima. Godbless alikuwa na miaka kumi na minne. Mektrida, aliyembeba mgongoni tangu akiwa mchanga, alikuwa na ishirini na sita.

"Dada, umebaki hapo hapo," alisema Godbless, akaenda kunywa chai.

Mektrida alitolewa kwao Rombo akiwa darasa la tano, aje kufanya kazi za ndani, mwaka ambao Mama Godbless alifungua duka la vitenge. Tangu siku ile mwili wake ulisimama, haukukua tena. Daktari alimpima, akasema hana ugonjwa, amesimama tu. Mama Godbless hakulalamika, maana magauni hayakumbana.

Godbless alipokwenda bweni, Mektrida akaruhusiwa kwenda kusalimia kwao. Pale Himo, alipobadilisha gari, viatu vilianza kumbana. Akavivua. Alimkuta mama yake akipalilia migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekawia hivi?"

"Nilikuwa kazini."

Wiki ile alikua. Chunusi zilimtoka asubuhi, zikakauka kabla ya chakula cha mchana. Hedhi ilimjia kwenye mibuni; mama yake akampa vitambaa na maelezo aliyokuwa amemwekea miaka yote. Alhamisi aligombana na mama yake bila sababu, akanuna, akaomba radhi, yote kabla ya jua kuzama. Jumapili, kanisani, akina mama walisogea wakampa nafasi kwenye benchi lao.

"Sasa ndiyo wewe," mama yake alisema, akashusha pumzi. Mektrida alicheka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ikampendeza.

Siku chache baadaye Mama Godbless alifika na pikapu.

"Nimemfuata msichana wangu."

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

Mama Godbless alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Umekua."

"Ndiyo, mama."

"Basi hutanifaa. Binti yangu amejifungua, nataka mdogo."

Akavuka kwenda kwa jirani, Primus, aliyekuwa na binti wa darasa la tano, Stella. Mektrida alimfuata.

"Baba Stella, usimtoe. Atasimama kama mimi."

Primus alimkagua kwa utulivu. "Wewe si ulisimama? Umerudi, umekua. Na yeye akirudi atakua."

Hoja hiyo iliwatosha wote. Stella alipanda mbele na mfuko wake wa nguo. Mektrida alisimama barabarani mpaka gari lilipopotea kwenye kona, kisha akarudi ndani. Mama yake alikuwa amepakua mtori wa ndizi. Mektrida alikula bakuli la kwanza, la pili, akaongezewa. Alikuwa na njaa ya mtu mzima, na hakuna aliyemwita kazini.