Chesang Anamnywea Nangila

Bangili ilitoka kliniki. Daktari alisema wanaijaribu kwa watoto wachache wenye selimundu, na mjukuu wangu Nangila akawa mmoja wao. Selimundu ni ugonjwa wa damu. Sisi tuliotoka upande wa Bungoma tuliujua kabla ya kujua jina lake. Mtoto akikaa bila maji ya kutosha, damu inakuwa nzito, inakwama njiani, halafu miguu na mgongo vinamkata mpaka anapiga kelele. Dawa anameza, lakini maji ndiyo yanatangulia. Daktari aliniambia hivyo nami sikubishana naye, nilikuwa nimeshayaona kwa macho.

Bangili yenyewe ilikuwa ya mpira, kijani, na kioo kidogo kama cha saa. Ndani ya kioo kulikuwa na samaki. Mtoto akiinua mkono anywe, samaki anaogelea. Akikaa sana bila kunywa, bangili inatetemeka na samaki analala ubavu. Habari hizo zinaenda mpaka kwenye simu. Simu yangu mimi ni ya kupiga na kupokea tu, kwa hivyo waliweka ile ya binti yangu Nerima, mama yake Nangila, ambaye anafanya kazi ya maua Naivasha na analala huko Kamere. Mtoto anakaa na mimi hapa mtaa wa Kaptembwa; yeye ananiita Kukhu, watoto wa jirani wananiita shosho, yote maana yake nyanya.

"Inajuaje ni maji na si chai?" nilimwuliza daktari.

"Haijui, mama. Inajua mkono tu."

Nangila ana miaka tisa, yuko Gredi ya Nne. Mwanzoni bangili ilimfurahisha. Alikuwa akimwonyesha samaki kila mtu katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, hata wauza makaa waliopita nje. Nerima naye alikuwa akipiga simu kila jioni baada ya kazi.

"Mama, leo ameogelea vizuri sana."

Tulizoea kumsema mtoto kama samaki.

Baada ya muda nikaanza kuona mambo mawili yasiyolingana. Nerima kule Kamere aliona samaki anaogelea kutwa nzima. Mimi hapa niliona midomo ya mtoto imekauka, ina ngozi ngozi, na macho yameingia umanjano. Nikimpa kikombe anasema amekunywa shuleni, nimwulize mama yake.

"Mama, simu haiwezi kukosea," Nerima akaniambia. "Leo amekunywa kupita hata kiwango."

"Mimi naangalia midomo."

"Labda ni upepo. Mpake mafuta."

Nikampaka mafuta.

Siku maumivu yalipomshika kulikuwa na baridi, ile ya Julai ambayo jua linatoka na halina kazi. Alirudi kutoka shule akitembea kama amebeba kitu kizito, akalala chini mlangoni bila kuvua viatu. Jirani yangu Wanjugu, mama yake Jamleck, aliita tuktuk, akatushika mpaka tukaingia. Hospitalini walimwekea dripu. Nerima alifika siku ya pili, bado amevaa gambuti za kazi.

Sista wa wodi akauliza kama mtoto alikuwa anakunywa maji.

"Sana," Nerima akasema, akatoa simu. "Ona mwenyewe. Jana, juzi, wiki nzima."

Wakati sista anaangalia, simu ikalia kengele ndogo. Samaki akaanza kuogelea. Sisi watatu tukageuka pamoja kutazama kitanda. Nangila alikuwa amelala usingizi wa dawa, mikono yote miwili juu ya blanketi. Mmoja ulikuwa na dripu. Mwingine haukuwa na kitu.

"Sasa huyu samaki ni wa nani?" sista akauliza.

"Imeibiwa!" Nerima akasema. "Mama, bangili ya watu imeibiwa na wewe hukuona!"

Nilikuwa nafikiria aina ya mwizi anayeiba bangili na kisha kunywa maji kila inapomwamrisha. Nangila alipoamka mama yake akamwuliza, naye akageuza uso ukutani.

Nikarudi nyumbani kuchukua nguo na thamosi. Pale kwenye tangi la mvua, ambalo ndilo tunawanyweshea watoto maana maji ya kisima yanatia meno rangi, nilimkuta Chesang, binti wa Kiprugut wa mlango wa tatu. Yeye na Nangila wako darasa moja, na ukimwona mmoja mwingine hayuko mbali. Alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili, anakunywa amefumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu. Bangili ya kijani ilikuwa mkononi mwake.

"Chesang."

Akaruka. "Shosho! Nangila amepona?"

"Bado. Hiyo ni nini mkononi?"

Akaficha mkono nyuma, halafu akaona haisaidii, akautoa.

"Sijaiba, shosho. Haki ya Mungu. Alinipea."

"Alikupa ufanyie nini?"

"Nimnywee."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Umfanyeje?"

"Nimnywee maji. Asubuhi tukifika gate ya shule ananipea, jioni namrudishia. Ikitetemeka tu, nakunywa. Hata darasani. Mwalimu amenisimamisha nyuma mara mingi juu ya kuomba ruhusa ya choo. Tangu apelekwe hosi nimeongeza, juu yeye ni mgonjwa sana. Tumbo inaniuma lakini nimevumilia."

"Nani alikuambia mtu anaweza kumnywea mwenzake?"

Alinitazama kama nimemwuliza jina langu mwenyewe.

"Si ni nyinyi? Mwaka jana akiwa wodi, kanisa yote ilimfungia. Pasta alisema kila mtu achukue siku yake asikule, amfungie Nangila. Hata mimi nilimfungia mpaka lunch. Na akapona. Sasa kama mtu anaweza kumkalia njaa, si anaweza pia kumnywea maji?"

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na Chesang yuko Gredi ya Nne, kwa hivyo hapo tulikuwa sawa. Nilitafuta mahali mtoto alipokosea na sikupaona haraka. Ni kweli tulimfungia. Ni kweli tulisema alipona kwa ajili hiyo, mimi mwenyewe nilisimama mbele ya kanisa nikasema. Kama kuna kufunga na kumfungia mtu, basi kuna kunywa na kumnywea. Alichofanya ni kufuata barabara tuliyomwonyesha, akaipita kidogo.

"Kufunga," nikamwambia pole pole, "tunamwomba Mungu, na Mungu ndiye anafanya. Lakini maji hayaombi mtu. Yanaingia palepale yalipoingizwa."

"Kwa hivyo ile nimekunywa..."

"Iko kwako."

"Yote?"

"Yote."

Akaangalia tumbo lake. Lilikuwa limejaa, limesukuma sweta mbele. Halafu akaanza kulia. "Kwa hivyo ni mimi nimefanya awe mgonjwa."

"Si wewe. Wewe umefanya kazi kubwa, ila haikufika. Niambie tu, kwa nini hakutaka kunywa mwenyewe?"

Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Hiyo siwezi sema, shosho. Niliapa."

Sikumsukuma. Nilimvua bangili, nikamwambia aende akojoe kwanza.

Wodini nilingoja Nerima atoke kwenda kutafuta chai. Niliweka bangili juu ya blanketi, nikachukua chungwa nikaanza kumenya. Mimi si mtu wa kuuliza mara mbili. Mtoto ukimpa muda na chungwa, neno linatoka lenyewe au halitoki.

"Chesang amesema?" Nangila akauliza.

"Amesema alikuwa anakunywea. Sababu amekataa kusema."

Akala kipande kimoja, akala kingine.

"Nikikunywa maji, Kukhu, nakojoa kitandani."

"Najua. Si mimi ndiye nafua?"

"Ukishafua unaanika godoro."

"Lazima likauke."

"Unaanika kwa ukuta wa gate. Jamleck na wale wengine wakipita wanasema, 'Lake imepanda tena! Kaptembwa hameni!' Mpaka shule. Darasani wananiita Lake. Hata msichana mmoja aliinua sketi akipita kwa dawati yangu, ati asiloe."

Utani huo kila mtu hapa anauelewa; Lake ni Kiingereza chao cha shule, yaani ziwa letu la hapa karibu. Ziwa lilipopanda lilimeza nyumba za watu na uzio wa mbuga, na mpaka leo mtu akimwaga ndoo barabarani ataambiwa ziwa limepanda. Nilikuwa nimeshawasikia wale vijana wakipiga kelele hiyo asubuhi, nikadhani wanacheza. Na zile wiki za samaki kuogelea, godoro lilikuwa likiamka kavu, nami nilikuwa nikishukuru.

Nilimweleza vile daktari alivyonieleza mimi, kwamba ugonjwa huu unaharibu figo, hazishiki maji, si uvivu na si utoto.

"Jamleck hajui mambo ya figo," akasema. "Wacha tu miguu iume. Miguu hakuna mtu anaona."

Nikampa chungwa lililobaki.

Nerima alipoambiwa, alitaka kwenda shuleni. Nangila akasema akienda itakuwa mbaya zaidi, na hapo mtoto alikuwa anajua shule kuliko sisi. Nerima akasema basi anunue nepi. Nangila akajifunika kichwa. Nailoni ya kutandika chini ya shuka tulishaijaribu: inapiga kelele ukigeuka, na mkojo unakaa juu yake ukipoa, na baridi nayo inaamsha maumivu. Kuanika godoro ndani haiwezekani. Chumba changu kinaangalia nyuma, hakipati jua, na godoro bichi katika hiyo baridi linanuka siku hiyo hiyo. Jua katika ploti yetu ni moja tu na liko kwenye ukuta wa geti. Niliangalia jambo hilo kila upande nikaona ukuta utabaki, godoro litabaki, na maji lazima anywe. Kilichobaki kubadilika ni mwenye godoro.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilimwambia alale kwenye kitanda changu, mimi nichukue chake. Godoro langu ni kubwa, la mistari ya bluu. Ploti nzima inalijua kwa sababu wao ndio walioniingizia ndani nilipohamia. Godoro la Nangila ni dogo, miguu yangu inapita. Jioni alikunywa maji vikombe viwili mbele yangu, bila furaha, akiniangalia juu ya ukingo wa kikombe. Usiku akalowesha. Asubuhi nikalibeba godoro langu la mistari mpaka ukutani, nikaliegemeza, na sehemu mbichi nikaielekeza juani, nje kabisa.

Wanjugu alikuwa anafagia mlangoni kwake. Fagio likasimama.

"Mama Nerima. Hilo si lako?"

"Ni langu."

"Na kuna nini?"

"Umri, Wanjugu."

Sikusema uongo. Godoro ni langu na umri ninao.

Alishika mdomo, akacheka ndani ya kiganja, halafu akaja karibu akaninong'oneza. "Punguza chai ya jioni. Mamangu pia ilimpata hivyo. Na usibebe mitungi, ita Jamleck akubebee."

Jamleck mwenyewe alitoka saa hiyo hiyo na begi mgongoni, na wenzake wawili wakimngoja getini. Akaona godoro.

"Wasee! Lake imep..."

Ndara ya mama yake ilimpata begani kabla hajamaliza.

"Wewe! Hiyo ni ya shosho! Unacheka mtu amezaa mtu rika yangu? Rudi hapa! Rudi umwombe msamaha!"

"Sikujua ni ya shosho..."

"Ulidhani ni ya nani? Ya mtoto mgonjwa ndiyo unaweza kucheka?"

Wanjugu alisema hivyo kwa hasira tu, hakuwa na habari kwamba amegusa penyewe. Jamleck akaja, akaangalia viatu vyake, akasema pole shosho. Nikamwambia asante, na kama ana nafasi jioni kuna mitungi.

Habari ilitembea. Wanawake wa chama chetu cha Jumanne walinisalimu kwa upole mwingi, wakanipa kiti kilicho karibu na mlango. Mmoja aliniletea mbegu za malenge zilizokaangwa, mwingine akanieleza habari za dada yake na operesheni. Vijana wa geti walinyamaza. Mzee akijikojolea, hakuna mahali pa kucheka bila kupigwa. Ila watu wazima walicheka vizuri tu, nyuma ya milango, na kuta za ploti ni mabati.

Nerima akapiga simu kutoka Kamere.

"Mama, mtu ameniuliza huku kazini ati kweli unakojoa kitandani."

"Umemwambia nini?"

"Nimekasirika! Utajiaibisha mpaka lini?"

"Mpaka figo za mtoto zipate dawa, au mpaka nife. Samaki anasemaje?"

Nadhani aliangalia kwanza. "Anaogelea. Mama, na ni yeye kweli?"

"Ni yeye. Nimeketi naye hapa."

Nangila alikuwa mezani na kitabu cha hesabu, bangili mkononi mwake, kikombe mbele yake kimejaa nusu. Nje, upande wa pili wa mabati, Wanjugu na mwingine walikuwa wanaongea chini chini, kisha kicheko kikawaponyoka, na tukasikia waziwazi wakitaja mistari ya bluu. Mtoto akaweka kalamu chini.

"Kukhu, wanakucheka."

"Wananicheka," nikamwambia. "Maliza kikombe."