Anayepigiwa Ndiye Alipaye

Zuleha alikuwa akimimina dawa ya kupe kwenye chupa za soda dukani kwake Karatu, mwaka 1984, alipoingia Leonida, yule mwanamke aliyeunganisha simu pale posta. Tangu mwanzo wa mwezi taratibu za malipo zilikuwa zimebadilika. Zamani simu ilikuwa bei moja, useme neno moja au uhubiri; sasa zilihesabiwa dakika tatu tatu. Kila mfanyabiashara alitakiwa kuchagua aina ya namba kabla ya Ijumaa: alipe anayepiga, alipe anayepigiwa, au wagawane. Asiyechagua angebaki kwenye ile ya kwanza.

"Baki hapohapo, dada," Leonida akamshauri. "Ukikubali kulipia wanaokupigia, Loliondo nzima itakuhamia."

Ushauri ulikuwa mzuri, na Zuleha angeufuata bila kusita, kama si mzee Senteu.

Senteu alikuwa mteja wake wa miaka mingi na mlinzi wa mashine ya kisima kule Olbalbal. Alikuwa amefariki mwezi uleule, akiwa njiani na ng'ombe, na tangu hapo alimpigia Zuleha simu kila alasiri. Olbalbal hapakuwa na simu. Leonida alichomeka waya kwenye tundu lisilokwenda popote, na kwa kuwa kitabu cha viwango hakikutaja marehemu, alimtoza kiwango cha Loliondo. Sarafu alizofia nazo mzee zilitosha dakika tatu. Kila siku Leonida alizikuta mezani kwake, zilezile, zina vumbi.

Senteu alipokuwa hai aliificha hendeli ya mashine ili wahuni wasiichezee, na alikufa hajamwambia mtu ilipo. Bila hendeli mashine haiwaki. Mkewe, Naeku, alikuwa akifuata maji mbali na punda, na ndama walikuwa wameanza kulala wasiamke.

"Takwenya," Senteu alimsalimu alasiri ile.

"Iko," Zuleha akaitikia Kimaasai. "Mzee, hendeli umeificha wapi?"

"Mama, hata habari hatujapeana? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Hendeli..."

"Mbuzi?"

Zuleha hakuwa na mbuzi hata mmoja, lakini alijibu kwamba wazima. Senteu naye akaanza za kwake: ng'ombe waliotangulia wamenenepa, babu yake anasalimia, majani yanafika magotini. Dakika tatu zikaishia kwenye majani.

"Mwambie afupishe," akadakia Leonida kwenye laini.

"Mwambie wewe," Zuleha akafoka. "Aliyetunga sheria hii kwao hakuna wazee."

Ijumaa akachagua kulipa yeye. Loliondo ikahamia kwake kweli. Walimpigia hata watu wa Enguserosambu, kumweleza harusi za watu asiowajua. Ankara ya kwanza ilipokuja akauza friji yake ya mafuta ya taa, akalipa akinung'unika.

Lakini Jumamosi, kesho yake tu baada ya kuchagua, kwa mara ya kwanza Senteu aliongea mpaka akamaliza. Alipita kwa watoto, mbuzi, ng'ombe walio hai na waliokufa, mvua ya huko na ukame wa huku. Jua lilikuwa linazama aliposema hendeli iko chini ya jiwe, mlangoni pa zizi la ndama.

Zuleha alituma habari kwa dereva wa lori. Naeku akafukua, akaikuta imeviringishwa kwenye ngozi, akaenda nayo kisimani mbio. Pale kisimani alikuta sakafu ya saruji tu na alama za mafuta. Juzi yake watu wa ofisi ya maji walikuwa wamekuja kuichukua mashine, kwa kuwa haikuwa ikitumika, wakaipeleka kwenye hoteli ya watalii ukingoni mwa kreta, lile bonde la wanyama. Huko ilinunuliwa hendeli mpya na ikawaka mara moja.

Naeku alikwenda Karatu kuuliza. Ofisini walimjibu kuwa mashine isiyotumika haina mwenyewe. Akaenda dukani, akakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe, hendeli ikiwa ndani ya shuka lake. Zuleha alimtengenezea chai, akasahau sukari.

Simu ikalia. Naeku alikataa kuishika. Alisema akiisikia ile sauti atalia mbele za watu.

"Unakubali malipo?" akauliza Leonida.

"Nakubali."

Siku hiyo Zuleha ndiye aliyeuliza habari, na aliziuliza zote, polepole, mpaka zikaisha.

"Na mashine?" Senteu akauliza.

"Wameichukua, mzee. Iko hotelini."

Leonida akahesabu dakika nyingine tatu.

"Na hendeli?"

"Ipo. Naeku anayo hapa."

"Basi mwambie aifiche vizuri," akasema Senteu, "wasije wakaichukua na hiyo."

Zuleha akamfikishia. Naeku akaisukuma hendeli ndani zaidi ya shuka lake, akamaliza chai, akatoka kutafuta lori la kurudi.